Dhima ya Mwenye Hodhi la Bahari

Mkazi wa Ruiru, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na takriban kilomita 500 kutoka Mombasa kwa njia ya barabara, akitamani kuweka samaki wa bahari sebuleni mwake, huuliza kwanza bei ya hodhi la kioo, kisha bei ya pampu, ya taa na ya chumvi, na akiisha kujumlisha hesabu hudhani ameuliza yote yapasayo kuulizwa. Liko swali moja lisilomo katika hesabu hiyo, nalo ni kongwe kuliko kioo chenyewe: kiumbe aliyeumbiwa bahari, akapandishwa bara kwa ajili ya macho ya mtu, ana haki gani juu ya mtu huyo, na mtu huyo atajibu nini siku atakapoulizwa? Mimi ni mzaliwa wa pwani niliyeletwa Ruiru na riziki, na nimewaona majirani zangu wakiingia katika shughuli hii kwa shauku njema na maarifa haba. Kwa hiyo nimeona ni wajibu kulisema swali hili kwa kirefu, madhali wanaolinyamazia ndio wale wale wanaouza.

Kwamba idhini ipo, sina shaka. Dini ya Kiislamu imemhalalishia mwanadamu windo la bahari, na ahalalishiwaye kumvua samaki akamla hawezi kuambiwa kwamba kumtazama ni haramu. Tena iko hadithi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mtoto mdogo Abu Umayr, aliyekuwa na kindege akicheza naye, na kindege kile kilipokufa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimliwaza mtoto kwa kumuuliza habari zake. Wala hakumkemea kwa kukiweka. Mwanachuoni Ibn al-Qass wa Tabaristan aliandika risala nzima juu ya kisa hicho kifupi, akatoa ndani yake mafunzo sitini, na mafakihi waliokuja nyuma yake walikifanya hoja ya kujuzu kumfuga ndege tunduni. Lakini wapokezi wale wale wawili wametuhifadhia pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kwa kuwa alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie riziki yake katika ardhi. Ukiziweka habari hizi mbili pamoja utaona kwamba idhini haikutolewa peke yake. Majirani zangu wa Ruiru wengi wao ni Wakristo, nao wana kitabu kinachoanza na habari iyo hiyo kwa mpangilio mwingine: Adamu anapewa mamlaka juu ya samaki wa baharini, na mara anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Mamlaka na utunzaji vimewekwa karibu karibu hata mtu hawezi kukishika kimoja akaacha kingine.

Basi nini maana ya kumlisha asiyeweza kujitafutia? Hapa ndipo samaki wa bahari anapotofautiana na paka, na kuku, na hata samaki wa maji baridi. Aliyemfunga paka alimnyima chakula na njia. Hewa na joto la jua hakuviondoa, kwa kuwa havimo katika uwezo wake. Mwenye hodhi la bahari huko Ruiru amevitwaa vyote. Maji yenyewe ni kazi yake. Kila lita inataka gramu 35 za chumvi, na hodhi la lita 200, ambalo ni dogo kwa mambo haya, litakula kilo saba na zaidi. Wala si chumvi ya jikoni. Hiyo, hata ikiwa imetoka katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni kaskazini ya Malindi, imekwisha kuachana na jamaa zake, kwa maana bahari inapokaushwa na chumvi ikaoshwa, magnesi na madini mengine hubaki katika maji machungu yanayomwagwa, na samaki na matumbawe huyahitaji hayo sawasawa na chumvi. Huuzwa chumvi maalumu iliyochanganywa yote kwa kipimo, nayo huyeyushwa katika maji yaliyosafishwa, kwa sababu maji ya bomba huwa yametiwa klorini, na yakipita katika mabomba ya shaba huchukua chembe ndogo ambazo mtu hazimdhuru, ila kamba na konokono wa bahari huwaua.

Kisha maji hayo hayakai kama yalivyowekwa. Yanapopungua kwa mvuke, chumvi haiondoki pamoja na mvuke. Kwa hiyo anayejaziliza pengo kwa maji ya chumvi, akidhani anarudisha kilichopotea, humtia samaki wake katika bahari inayozidi kuwa kali kila juma. Kinachorudishwa ni maji matamu peke yake, mpaka mstari ulioandikwa kwa wino pembeni mwa kioo, kila siku asubuhi, awepo mgeni au asiwepo. Mwezi wa Julai, wakati wa baridi na ukungu, usiku wa Ruiru hushuka hadi nyuzi kumi na kitu, ilhali samaki wa miamba yetu amezoea nyuzi 25 au 26. Hita ikizimika, hufa kwa baridi akiwa nyumbani kwa mtu aliyejifunika blanketi mbili. Na liko jambo ambalo wauzaji hawalitaji: hewa ya mji ulio juu kiasi hiki ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita, na maji yenye joto na chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya mto, kwa hiyo samaki wa Ruiru yu karibu na ukomo wa pumzi yake kuliko ndugu yake aliye katika hodhi kama hilo Mombasa. Stima ikipotea usiku na pampu ikanyamaza, saa chache tu hutosha kuwamaliza walio katika hodhi lililojaa. Mtu asiyeweza kununua pampu ndogo ya betri kwa ajili ya usiku huo hajawa tayari kupokea amana, hata awe na kioo kizuri namna gani.

Hayo yote ni ya mwili, na mtu mwenye bidii huyaweza. Jaribio la roho liko mahali pengine, nalo huja kabla ya samaki kufika. Hodhi jipya, hata likiwa na maji safi kama kioo chake, ni mahali pa mauti. Samaki akiwekwa humo hutoa amonia kwa matamvua yake na kwa kinyesi chake, na katika maji ya bahari, ambayo kwa tabia yake ni ya upande wa alkali, sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo huwa sumu kuliko katika maji ya mto. Huko baharini haimdhuru, kwa kuwa vijidudu visivyoonekana, vilivyokaa juu ya kila jiwe na kila chembe ya mchanga, huila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, na jamaa nyingine ya vijidudu huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuistahimili kwa kiasi. Katika hodhi jipya jamaa hizo mbili hazipo. Hukua polepole, kwa majuma manne, sita, wakati mwingine manane, na haziwezi kukua pasipo amonia ya kula. Hivyo mwenye hodhi sharti alishe jangwa lake kwa muda wote huo, akipima maji kwa vichupa vya dawa inayogeuka rangi, akiona amonia inapanda kisha inashuka, nitriti inapanda kisha inashuka, na kwa miezi miwili hana cha kuwaonyesha wageni ila mawe na maji.

Ziko njia mbili za kulisha jangwa hilo, na uchaguzi kati yake ndio uliofanya niandike makala haya. Njia ya kwanza ni kutia kipande cha kamba kilichonunuliwa sokoni, kikaoza humo, au kutia amonia safi kwa matone yaliyopimwa. Njia ya pili, inayoshauriwa na wauzaji wengi kwa kuwa ni ya haraka na yenye faida, ni kununua samaki wa bei rahisi, mwenye nguvu za kustahimili, akatiwa katika maji mabichi ili mateso yake yaandae mahali pa samaki wa bei ghali. Jirani yangu mmoja, kijana fundi wa umeme, mcha Mungu asiyekosa kanisani, alinijia na shauri hilo akiwa amelipokea kwa nia safi. Akaniuliza, “Mzee, kuna ubaya gani? Nimeambiwa huyu ni mgumu, na pengine hafi.” Nikamwomba kwanza aje tumtazame samaki wa namna hiyo, aliyekuwa katika hodhi la rafiki yake. Alikuwa mdogo, urefu wa kidole, buluu kama wino. Alisimama juu kabisa, pua yake ikigusa uso wa maji, vifuniko vya matamvua yake vikipiga upesi upesi, na pembeni mwa matamvua palikuwa pekundu mahali ambapo hapakupaswa kuwa pekundu. Kila mara alijaribu kushuka kwenye jiwe, akafika katikati, akarudi juu. Nikamwambia, “Mwanangu, huyu hajafa, na kutokufa kwake ndiko kunakomfanya afae kwa kazi aliyopewa.” Kijana akanyamaza kwa kitambo, akauliza kamba ni bei gani sokoni.

Nasema bila kusitasita kwamba njia ya pili ni dhuluma. Atakayejibu kwamba tunamla samaki yule yule bila kuulizwa, amechanganya mambo mawili. Anayechinja ameamriwa akinoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake, na windo la mvuvi hufa kwa haja ya tumbo. Huyu wa hodhini hakuliwa, wala hakupendwa. Amefanywa chombo cha kusafishia maji, kwa sababu tu mwenye mali hakutaka kungoja. Subira ya majuma sita ingalimwondolea kiumbe mateso yote hayo, na subira hiyo haikuwa na gharama ila uso wa mtu mbele ya wageni wake. Sijui kipimo kingine kilicho rahisi kiasi hiki cha kumjua mtu kama anastahili kuwekewa roho mikononi mwake.

Wala si mara ya kwanza kwa upendo wa uumbaji kugeuka kuwa madhara kwa uumbaji. Mwaka 1846 bibi mmoja Mwingereza, Anna Thynne, alisafirisha matumbawe hai kutoka Torquay hadi London, akayahifadhi kwa kumfanya mjakazi wake asimame dirishani akiyamimina maji kutoka chombo hiki hadi kile, ili yachukue hewa. Kazi ya pampu ilifanywa kwa mikono ya mtumishi ambaye jina lake halikuandikwa. Miaka minane baadaye Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe vya bahari na mtu wa ibada nyingi katika jamaa ya Ndugu wa Plymouth, alitoa kitabu chake kilichowafundisha watu wote namna ya kuweka hodhi la bahari nyumbani. Gosse aliamini kwa dhati kwamba kila kiumbe kidogo cha mwambani ni hati ya Muumba, na ya kwamba kuwaonyesha watu hati hiyo ni kuwakaribisha kwenye sifa Zake. Watu waliitika. Walishuka pwani kwa maelfu na ndoo na nyundo, na mwanawe, Edmund Gosse, katika kumbukumbu alizozitoa mwaka 1907, aliomboleza vidimbwi vya miamba ambavyo baba yake alivikuta vimejaa uhai na ambavyo sasa vimekombwa vikabaki vitupu. Hakuna aliyekusudia uharibifu. Kila mmoja alichukua kidogo, kwa ajili ya hodhi moja, kwa kupenda.

Habari hiyo ina mfano wake kwetu, na karibu zaidi kuliko wengi wa bara wanavyodhani. Samaki wa mapambo hukusanywa katika miamba ya pwani ya Kenya na wazamiaji wenye nyavu ndogo, wakafungwa katika mifuko ya maji na oksijeni, na wengi wao husafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Wale wachache wafikao Ruiru ni tawi dogo la mto huo. Huko Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi, wazee wa uvuvi waliona mwamba wao umedhoofika kwa sababu nyingi zilizokutana: uvuvi uliopita kiasi, joto la bahari lililoyaua matumbawe mengi ya pwani yetu mwaka 1998, na kuchukuliwa kwa samaki wa mapambo bila mpango. Mwaka 2005 walikubaliana kuifunga sehemu ya bahari yao, hekta 30 hivi, asivue mtu humo. Uamuzi mzito kwa watu ambao mlo wa leo hutoka katika maji ya leo. Samaki wakarudi, na mwaka 2017 jumuiya yao ikatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mvuvi wa Kuruwitu ndiye mtu ambaye mnunuzi wa Ruiru hukutana naye pasipo kumwona, na anapouliza samaki huyu ametoka wapi, amevuliwa na nani na kwa wavu gani, huwa ndipo ameanza kumheshimu.

Sitaki kumdhulumu mzamiaji. Samaki mmoja aliyetolewa hai huleta fedha nyingi kuliko uzito wake sokoni, na mtu awezaye kulisha watoto wake kwa samaki wachache waliochukuliwa kwa uangalifu hana sababu ya kuvua mamia. Kumwambia aache, kisha tusimpe badala, ni ucha Mungu wa kugharimiwa na mwingine. Ninachokikataa ni kuchukua viumbe ambao sisi, kwa hali yetu, hatuwezi kuwatimizia haki zao. Wako samaki-kipepeo ambao chakula chao ni nyama ya matumbawe hai tu. Wakiwekwa mbele ya chakula cha kopo huonja, hutema, na baada ya majuma machache mgongo wao huwa mkali kama wembe. Yuko yule samaki mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni, mganga wa mwambani, ambaye chewa mkubwa humfungulia kinywa ili amwondolee wadudu. Katika hodhi la samaki wawili hana wagonjwa, na aghalabu hufa kwa njaa, na kule alikotolewa wagonjwa wamebaki wakimngoja. Yuko kangaja wa buluu isiyokolea, fahari ya miamba yetu, aogeleaye masafa marefu kila siku, ambaye katika sanduku la lita 200 huzunguka mpaka ashikwe na madoa meupe ya maradhi. Kuwanunua hawa kwa hodhi la mwanafunzi ni kununua kifo chenye rangi nzuri, na sioni fatwa iwezayo kukipamba.

Wanaomfaa anayeanza wako. Bora kuliko wote ni wale waliozaliwa hodhini, kama baadhi ya jamaa ya samaki wadogo wenye mistari myeupe ambao huko mwambani huishi kati ya minyiri ya anemoni. Hawa hawakutolewa katika bahari yoyote, hula chakula cha kutengenezwa, na wawili wao hutosha. Waongezewe konokono wachache wa kula mwani wa mawe, na basi. Nafsi itasema hodhi ni tupu. Iambiwe kwamba wingi wa samaki hupimwa kwa nguvu za vile vijidudu visivyoonekana, ambavyo havisikii matamanio ya mtu, na kila anayeongezwa kabla ya hesabu yao kukua huwarudishia wote sumu ile ya siku za kwanza.

Na asiyekuwa na hodhi asidhani maneno haya yamempita. Mto Ruiru, unaotoka katika milima ya Aberdare na kupita katika mashamba ya kahawa, humwagika katika mto Athi. Athi hushuka ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi, ambako hifadhi ya bahari iliwekwa tangu mwaka 1968. Nyakati za mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo, na udongo huo ni wa bara, umemomonyoka mashambani na kandokando ya mito yetu, na unapotua juu ya matumbawe huyafunika yasipate nuru. Mkulima alimaye hadi ukingoni mwa mto, na mjenzi amwagaye vifusi bondeni, wote wana samaki wa bahari chini ya mamlaka yao, na hawajui hata kuwalisha. Kwa insafu, mwenye hodhi ana ubora mmoja juu yao: yeye huona mara moja kile maji machafu yanachofanya, na wengi niliowajua walianza kuuliza habari za mto baada ya kujifunza kupima amonia.

Limebaki la muda. Samaki wale wadogo wenye mistari, wakitunzwa, huweza kuishi miaka zaidi ya 20, na maisha ya kazi ya mtu hayana uthabiti huo: atahamishwa, ataoa, ataugua, nyumba itauzwa. Ikifika hapo baadhi husema watawarudisha baharini kwa huruma, na huruma hiyo ni hatari, kwa sababu samaki aliyekaa na wageni wa bahari nyingine huweza kubeba maradhi yao, na aliyezaliwa hodhini kutokana na mbegu ya Asia si mwenyeji wa Kilifi. Yule samaki mwenye mapezi marefu ya miba yenye sumu, ambaye katika miamba yetu ana kiasi chake na adui zake, alionekana Florida mwaka 1985, na inaaminika alifikishwa katika maji yale na wenye mahodhi. Leo samaki wa jamaa hiyo wameenea Karibea yote, wakiwala samaki wachanga ambao hawakuumbiwa kuwaogopa. Kwa hiyo mtu na aandike mapema, kabla ya kununua, ni nani atakayempokea kiumbe wake, amuulize mtu huyo na kupata jibu lake, na ampe vichupa vya kupimia pamoja na daftari la vipimo. Fundi wangu wa umeme amekwisha kufanya hivyo: jina lililoandikwa nyuma ya hodhi lake ni la dada yake wa Juja, na dada huyo, kabla ya kukubali, alitaka kwanza aonyeshwe namna ya kujaziliza maji.